Mikono Hewani, Maana Hakuna

Tarehe 10 Desemba 2013, dunia ilimuaga Nelson Mandela katika uwanja wa FNB, Soweto. Kando ya Barack Obama alisimama mkalimani wa ishara, Thamsanqa Jantjie: suti safi, uso mkavu, mikono ikipanda na kushuka. Wenye masikio tukaona fundi kazini. Viziwi wakasema wazi: huyu hasemi kitu. Serikali ilipoitafuta kampuni iliyomleta, wenyewe walikuwa wameyeyuka.

Tusiwacheke Wasauzi. Hapa Eldoret, jiji rasmi tangu 15 Agosti 2024, tunajua kuandaa sherehe. Maikrofoni hujaribiwa, viti vya waheshimiwa hupanguswa mara mbili, na ole wake MC anayekosea cheo cha mtu. Mkalimani je? Akifika amevaa koti jeusi, amefaulu mtihani. Mwanariadha wetu hugongewa mlango alfajiri atoe mkojo ukapimwe. Mkalimani huaminiwa kwa kuwa na mikono miwili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Mbona basi anayeboronga Kiswahili jukwaani huzomewa, na anayeboronga ishara hupigiwa makofi?

Waandalizi, dawa ni rahisi. Kabla ya kulipia hema, mketisheni kiziwi mmoja mbele ya mkalimani wenu. Akikunja uso, mpeni huyo bwana nauli arudi kwao.