Shajara ya Chanika

Jumatatu. Nimegeuza na gari: nimepanda Buguruni likielekea mjini ili nipate siti ya kurudi Chanika. Nauli mara mbili. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Milioni ile ya nyongeza nayo ilikuwa imegeuza. Nimesimama hadi Pugu.

Jumanne. Zahanati. Presha 150 kwa 95. Muuguzi kaniambia, “Baba, uwe unatembea.” Ukutani wamebandika ushauri wa Shirika la Afya Duniani: mazoezi ya wastani, angalau dakika 150 kwa wiki. Dakika hizo ninazo. Nazitumia asubuhi moja, kwenye foleni.

Jioni nikatii. Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo nikapita kwenye mtaro. Bodaboda akanifuata polepole akipiga honi. Haamini kwamba mtu mwenye nauli anaweza kuamua kutembea. Mwishowe nikapanda ili anyamaze.

Jumatano. Mvua. Mtaro haupitiki. Presha sijapima.

Alhamisi. Gari la kunyonya maji taka limekwama uchochoroni likiwa limeshajaa kwa jirani. Uchochoro huu ulikuwa barabara; kila aliyejenga ukuta aliusogeza kidogo tu. Dereva kaomba namba ya simu ya mwenye ukuta wa kushoto. Tumekusanyika wanaume kadhaa, wote majirani zake, hakuna aliye nayo. Jina pia hatuna. Mmoja analijua jina la mbwa wake.

Shimo letu linasubiri zamu. Kisima kiko hatua chache kutoka hapo. Mama watoto ameamuru maji yachemshwe hata ya kupigia mswaki.

Ijumaa. Mkutano wa mtaa, saa kumi na mbili jioni. Ajenda: ushirikiano. Tuliofika tunatosha benchi moja. Mwenyekiti kapiga simu kutoka kwenye daladala, Ukonga, kuahirisha. Simu ikakatika kabla hajataja siku.

Jumamosi. Akina mama wa mtaani wamekuja na kanga mabegani kutupa pole ya msiba. Msiba uko nyumba ya nne, na jina la marehemu hawalijui wao wala sisi. Walikuwa wameshakaa mkekani, ikabidi tuwape chai. Mmoja kamnong'oneza mwenzake kwamba msiba huu tangawizi wameiweza.