Laptopu ya Ofisi Iko kwa Nani? Mwongozo wa Kuhesabu Kabla Mkaguzi Hajafika

Ziko ofisi ambazo mhudumu wa chai anajua idadi ya vikombe, vingapi vimevunjika na nani alivivunja, ilhali laptopu hakuna anayejua ni ngapi. Mwongozo huu ni wa ofisi hizo. Nauandika kwa mapenzi na kwa hasira kidogo, maana kinachopotelea humo ni michango ya wanachama, fedha za wafadhili na kodi za watu.

Mfanyabiashara wa mifumo akija na projekta yake na michoro ya rangi, mpe soda, mshukuru, mwambie arudi baadaye. Hesabu ya vifaa huanza kwa miguu. Chukua daftari, fungua kila droo na kila kabati, chungulia chini ya meza ya mapokezi, ingia hata kile chumba cha mabango ya semina zilizopita. Tembeeni wawili, mtu wa TEHAMA na mtu wa uhasibu, kwa sababu kila mmoja ana orodha yake na orodha hizo hazijawahi kuonana. Mhasibu bado anaihesabia uchakavu laptopu iliyokufa zamani. Fundi naye ana ruta iliyonunuliwa haraka mtandao ulipokatika, na mhasibu hajawahi kuisikia. Zilazeni orodha zote mbili kwenye meza moja. Mabishano yatakayozuka hapo msiyakimbie, ndiyo kazi yenyewe.

Sasa andikeni, na mwandike kama watu wanaotaka kukiona kifaa tena. Rejesta isemayo “Laptopu, nyeusi, 1” haisemi kitu, kwani nusu ya laptopu za mjini zinafanana na maelezo hayo. Weka kampuni iliyoitengeneza, toleo, tarehe ya kununuliwa, bei, mwisho wa waranti, chumba ilipo, na ile namba ndefu ya kiwandani iliyobandikwa chini ya mashine. Nasisitiza, ya mashine. Kuna rejesta zimejazwa namba za chaja kwa sababu stika ya chaja ilikuwa inasomeka vizuri zaidi, na chaja katika ofisi zetu huhama meza mara tatu kwa wiki. Kwa simu na vishikwambi vyenye laini, bonyeza *#06# upate IMEI yenye tarakimu 15, uinakili yote.

Halafu jina. Hapa ndipo mipango mingi hufia, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Kifaa kilichoandikwa “Idara ya Miradi” hakina mwenyewe. Idara haiwezi kwenda polisi kutoa taarifa ya wizi, wala haiwezi kukumbuka ilikiacha wapi. “Ofisi ya Mkurugenzi” nayo haina mkono wa kusaini. Andika mtu, jina lake kamili, na saini yake kwenye hati ya makabidhiano inayotaja hali ya mashine, chaja na mkoba. Mkurugenzi asaini wa kwanza, mbele ya watu. Bosi akiwa na laptopu mbili zisizo na hati, moja iko kwa mwanawe chuoni, rejesta yote ni mapambo, na watumishi wanajua hivyo hata kama wananyamaza.

Hati moja haitoshi maisha yote. Kifaa kikibadilisha mkono, karatasi ibadilike siku ileile: mtu anapohama idara, anapokwenda likizo ya uzazi, mradi unapofungwa. Tanzania ilitumia vishikwambi katika Sensa ya Agosti 2022, kisha vikapelekwa kwa walimu. Kazi ya namna hiyo, kutoka kwa karani wa sensa hadi darasani, haiwezekani bila kujua kila kimoja kiko kwa nani siku kinapopokelewa. Na mtumishi anapoacha kazi, laptopu irudi kabla keki ya kumuaga haijakatwa. Baada ya keki ni picha, machozi na nauli ya kwenda kwao. Simu ya ofisi irudi ikiwa imeondolewa akaunti yake binafsi ya Google, la sivyo mtabaki na kioo kizuri kisichofunguka.

Kuhusu programu, ushauri wangu ni mfupi. Mkiwa na vifaa thelathini, jedwali la Excel lenye mtunzaji mmoja linatosha. Vikizidi mia na mkiwa na matawi, ziko Snipe-IT na GLPI, zote za chanzo huria, zisizodai ada ya leseni. Lakini programu huonyesha kile tu mlichoiambia.

Ongezeni safu ya mfumo endeshi, kwani wizi ni nusu tu ya hatari. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kukizuia tangu Machi mwaka uleule. Sasisho halimfikii mgonjwa ambaye mashine ya daktari wake haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupanda hadi Windows 11 kwa sababu hazina chipu ya usalama inayotakiwa. Mwenye rejesta anajua ni mashine ngapi na za kina nani, anapeleka ombi kwenye bajeti ya Julai. Asiye nayo huandika “kompyuta kadhaa”, na kamati ya fedha hupitisha kadhaa ya shilingi. Zigaweni kwa umri. Kama mna laptopu arobaini, badilisheni kumi kila mwaka, msizingoje zife zote msimu mmoja.

Kila robo mwaka, chagua mistari kumi ya rejesta uende ukaviguse vifaa hivyo kwa mkono. Kisha geuza: chagua vifaa kumi vyumbani uvitafute kwenye rejesta. Safari ya kwanza hufichua vilivyoondoka, ya pili hufichua vilivyoingia kinyemela. Usikubali jibu la “kipo, nilikiona juzi”.

Mwisho wa maisha ya kifaa ndio unaonitisha kuliko yote. Morgan Stanley, benki kubwa ya Marekani, ilipofunga vituo vyake vya data mwaka 2016, kazi ya kuondoa seva na diski iliipa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuteketeza data. Baadhi ya vifaa viliuzwa tena, vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni, na mtaalamu mmoja wa Oklahoma akanunua diski zenye taarifa za wateja. Faini ya mwaka 2020 ilikuwa dola milioni 60, ya mwaka 2022 dola milioni 35. Nasi tuna sheria: ya Kenya ya kulinda data ni ya 2019, ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Diski iliyo kwenye laptopu unayompa fundi kwa bei ya kutupa ina mishahara, namba za NIDA na vipimo vya wagonjwa, na kubonyeza “futa” hakuviondoi. Ifutwe kwa programu maalumu au itobolewe kwa drili, na aliyefanya hivyo asaini kando ya namba ya kiwandani. Mashine kubwa za fotokopi nazo mara nyingi hubeba diski ndani yake. Basi kabla yule mnunuzi wa vyuma chakavu hajaipakia kwenye mkokoteni, mwite fundi, afungue ubavu wake, aitoe diski mbele yako.