Watalii wa Kilangala

Vijana wa Kilangala wameamua kutalii nchi jirani kwa gari. Njia ipo kwenye simu: wavuke Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, waingie Msumbiji, wakate Malawi, wakaloweshwe na Maporomoko ya Victoria, warudi kwa Tunduma. Kundi la WhatsApp limeshachagua rangi ya fulana. Pasipoti anayo mmoja, nayo imeisha muda; gari ni la shemeji, ambaye bado hajaambiwa.

Hongereni. Ila tuulizane, wanangu: Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331 bila lami wala ramani ya simu, nani kati yenu amekukanyaga? UNESCO waliyatia magofu yake kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Wazungu wanapanda mashua kwenda kuuona Msikiti Mkuu. Ninyi mnaishia Nangurukuru, basi la Dar likisimama, mnunue korosho.

Mjusi wa Tendaguru, wa mkoani kwetu hapahapa, nawasamehe. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, sasa amesimama Berlin, na kumwona kunataka viza. Kisiwani hakutaki. Kibali kinapatikana Kilwa Masoko, na mashua zinaondokea hapohapo.