Mnene wa Karatasi

Mchukue mvuvi wa Kilwa Masoko, mita 1.65, kilo 80, kifua kipana kwa kuvuta nyavu. Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: 29.4. Hongera, umezidi uzito! Ukifika 30 utapewa cheo kamili cha kiribatumbo.

Sasa mwite bosi wa ofisini, mita 1.75, kilo 74. Mikono vijiti, kitambi kinatangulia kuingia mlangoni, chai vijiko vinne vya sukari. Amepata 24.2, yuko salama salimini. Mizani haijui msuli wala mafuta, na sukari ya damu haijawahi kuiona.

Aliyebuni hesabu hii miaka ya 1830, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akimsaka "mtu wa wastani" (ambaye Kilwa Kivinje hatujamwona akishuka jahazini).

Wauguzi wetu, baada ya mizani azimeni futi kamba kwa fundi cherehani. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, pimeni na presha na sukari. Bosi atangulie foleni. Kwa leo tu, tunamruhusu.