Inaingia Zote

Kwenye jiji hili la Dar es Salaam nimeshaona pikipiki imepakia kitanda cha futi sita kwa sita, chaga na godoro lake, na mwenye kitanda kakaa juu kashikilia kioo cha kabati. Nimeona mbuzi watatu wamefungwa miguu, wanayatazama magari yaliyokwama kwenye foleni kwa jicho la dharau. Mkaa wa kutoka Kisarawe ndio usiseme: dereva humwoni kabisa, unaona magunia yanajiendesha. Sasa wewe toka hapo ulipo, nenda kanunue keria. Ndipo utajua kwamba vyuma vyote vile vinavyobeba mbuzi na vitanda viligawiwa siku moja, vikaisha, na siku hiyo hukuwepo.

Kosa langu, nimeshaambiwa na kila mtu, ni pikipiki yenyewe. Sina Boxer, sina TVS. Wenye hizo wanaikuta keria ipo nyuma tangu dukani, maana Wahindi waliozitengeneza walijua fika zinakwenda kufanya kazi gani. Mimi nina Honda XL 125 ya mnadani, iliyotumikia mradi wa maji huko mikoani mpaka mradi ukaisha na wafadhili wakarudi kwao. Injini ni ya Mjapani, haina maneno. Lakini keria yake ya asili haikufika mnadani. Wala kioo cha kulia, wala kiboksi cha spana. Pikipiki za miradi zina tabia hiyo. Mradi ukikaribia mwisho nazo zinaanza kupungua uzito. (Mnawakumbuka mabwana shamba wa zamani na zile Yamaha AG 100? Keria mbele, keria nyuma. Mbegu huku, mbolea kule. Mtu yule alikuwa mfalme na hatukumpa heshima yake.)

Keria naitaka kwa sababu ya kuku. Nafuga wa mayai hapa Chanika, si wengi wa kunitajirisha ila wanatosha kunifilisi, na chakula chao nakifuata mjini kwa sababu kule kina nafuu kidogo. Gunia nilikuwa nalifunga kwenye kiti kwa mipira ile inayokatwa kutoka kwenye tyubu. Kiti cha Honda hii kina mteremko na ngozi yake inateleza. Kufika Gongo la Mboto gunia limeshanilalia mgongoni kama abiria mlevi, nikikata kona ya kulia lenyewe linataka kushoto. Mama watoto akanitazama nikishuka, shati jeupe limegeuka rangi ya mashudu, akasema, "Baba, si ununue keria tu?" Alivyolitamka hilo "tu" ungedhani ni kibiriti.

Nikaanza na simu. Wauzaji wa mtandaoni wana picha nzuri sana na hawana bei. "Karibu inbox." Unaingia inbox, unaulizwa uko wapi. Ukijibu Chanika, kunakuwa kimya, mpaka leo kimya. Katika kupekua nikaangukia kwa Wazungu, nikaona wenzetu wanavyoishi. Kuna Mtaliano, Giuseppe Visenzi, aliyekuwa akikimbia mashindano ya pikipiki. Mwaka 1978 akaanzisha kampuni ya Givi, na kazi yao ni vyombo vya kubebea mizigo kwenye pikipiki. Wewe unataja aina ya pikipiki yako na mwaka wake, unatumiwa keria yake hasa, boliti zimo kwenye kijifuko, na karatasi ya michoro inakuonyesha ipi inaanza na ipi inafuata. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye uzito. Sanduku zao nyingi za nyuma zimeandikwa mzigo usizidi kilo 10. Kilo 10! Huku kwetu hiyo ni zawadi ya kumpelekea mgonjwa. Gunia la chakula cha kuku ni kilo 50, na hapo hujasimama njiani kununua mkungu wa ndizi.

Basi nikaenda Kariakoo. Pale ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo ya vita kichwani na mgongoni, nikasema moyoni kama kuna mahali duniani wanaelewa habari za mzigo ni hapa. Sijashuka vizuri kwenye pikipiki, kijana mmoja kashafika, mkono umeshashika usukani wangu.

"Mzee wangu, unatafuta nini?"

"Keria."

"Ipo bosi, ipo."

Hakuuliza ya pikipiki gani. Nikamwambia mwenyewe: ya Honda XL. "Ipo." Ya zamani hii, unaiona? "Bosi, ipo." Kwa asiyewajua, huyu ni winga. Winga hana duka, hana meza, hana hata kiti. Mtaji wake ni miguu na mdomo. Wewe unamwambia shida yako, yeye anakwenda kuchukua mzigo kwenye duka la mtu, anakuletea akiwa ameshaweka cha juu chake, na unapolipa unadhani umelipa dukani. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Ugomvi wangu ni kwamba neno "hakuna" hawajafundishwa. Mwulize winga keria ya ngamia, atakwambia umsubiri dakika mbili.

Akapotea. Nikasimama juani nalinda pikipiki, maana Kariakoo ukiiacha nayo inaweza kupata winga wake. Aliporudi alikuwa na keria mpya kabisa, nyeusi, bado ina nailoni, na hata kipofu angejua ni ya Boxer.

"Hii ni ya Boxer," nikasema.

"Hii inaingia zote."

"Bei gani?"

"Elfu arobaini na tano, ila wewe mzee wangu leta arobaini."

Duka la tatu kutoka pale tuliposimama lilikuwa limeitundika hiyohiyo mlangoni, imeandikwa kwa chaki 28,000. Nikanyamaza. Nilitaka kwanza nione inavyoingia zote.

Tukaijaribu palepale barabarani. Vijana wawili wa dukani wakatoka kusaidia, mmoja kashika spana namba 12, mwingine kashika chapati. Matundu mawili ya mbele, kwa kuvuta na kulaani, yakakutana na boliti za juu za shokapu. Mawili ya nyuma yalikaa hewani, vidole vinne juu ya madigadi, upande wa kulia umenyanyuka zaidi ya kushoto. Hapo ndipo mashauri yalipoanza. Mwenye spana akasema hapa tunapinda. Mwenye chapati akasema hapa tunatoboa madigadi, tunaweka washa nene. Winga akashauri tukate kiti kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wake wa vitenge akasimama, akaiangalia Honda yangu mbele na nyuma, akatikisa kichwa: "Ungeuza hii ukanunua Boxer." Kariakoo kila kitu kina bei ila ushauri.

Nikakataa kupinda, nikakataa kutoboa, na kiti nikakilalia kabisa wasikiguse. Winga hakununa. Akafungua boliti zake taratibu, akakunja nailoni, akasema, "Sawa mzee, basi ya maji." Nikampa elfu moja. Alikuwa ameshatembea, na kusema kweli pale nje jua lilikuwa linachoma watu wote bila ubaguzi. Alipokuwa anaondoka akageuka: ile ya XL yenyewe ipo, mtumba wa Japani, inaingia kesho.

Nikarudi Chanika mikono mitupu, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale njia ya sokoni. Fundi wetu ni mtu wa mageti na madirisha, kazi zake ziko kwenye nusu ya nyumba za mtaa wetu. Nikajiandaa vizuri. Nikamchorea kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Nikamweleza kwamba keria isogee mbele mpaka iguse kiti, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma ya ekseli gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na ukikutana na shimo unajikuta unatazama mawingu. Nikamweleza iwe na miguu ya pembetatu inayoteremka mpaka kwenye boliti za vikanyagio vya abiria, isitegemee madigadi, madigadi ni bati. Nikamwambia atumie bomba, si nondo. Bomba jepesi, na uzito wa keria yenyewe nao ni mzigo.

Fundi aliitikia yote. Mafundi wetu wanaitikia vizuri sana. Alipomaliza kuitikia akapima kwa shubiri, tatu na nusu kwenda nyuma, mbili kwa upana, akaandika ukutani kwa chaki katikati ya vipimo vya geti la mtu mwingine.

"Fundi, ukija kuchomelea kwenye pikipiki, toa kwanza waya za betri."

"Mzee, mimi sijawahi kuunguza betri ya mtu." Akafikiri. "Labda mbili."

Akataka hela ya vifaa, nikampa. Akasema njoo kesho. Kesho yake umeme haukuwepo. Kesho nyingine umeme upo, fundi yuko msibani. Ile iliyofuata nikamkuta, na keria pia nikaikuta imeshaungwa na kupakwa rangi, imeegemezwa ukutani inakauka. Nikasimama mbele yake muda mrefu.

Ilikuwa ya nondo. Hilo nilishalitegemea. Nisilotegemea ni maua. Pembeni kulia ua, pembeni kushoto ua, yale ya chuma kilichopindwa duara mnayoyajua kwenye mageti, na nyuma, kwenye ukingo wa mwisho, mikuki mitano midogo imesimama wima, vichwa vimepakwa rangi ya dhahabu.

"Fundi, mikuki ya nini?"

"Inazuia mzigo usirudi nyuma."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Ni hoja ya kiufundi kabisa, na mzigo kweli haurudi nyuma. Nikamwomba angalau aondoe maua, akanitazama kama... hapana, akanitazama tu, mtu aliyetukanwa kazi yake, akasema maua hajanichaji. Tukafunga hivyohivyo. Indiketa ya kushoto ilikuwa inagongana na ua, akaifungua, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akasema ataihamisha sehemu nyingine baadaye kidogo.

Lazima niseme haki ya chuma: inabeba. Gunia linalala pale halitikisiki, mwendo wote kutoka mjini shati linafika jeupe. Mwanangu wa darasa la sita hakuweza kuinyanyua ile keria ilipokuwa chini, kwa hiyo Honda sasa inapanda kilima cha Pugu kwa kulalamika, lakini inapanda. Na mafuta inakunywa kwa ajili yake na kwa ajili ya maua.

Shida imehamia kwa majirani. Zamani nilikuwa napita naamkiwa, "Shikamoo mzee," napita. Siku hizi baada ya shikamoo kuna mtungi. Shemeji ana mtungi wa gesi umeisha. Mama wa duka la kona ana kreti mbili za soda, "na kwa kuwa unakwenda hukohuko." Ulipotokea msiba mtaa wa pili, mjumbe hakuniuliza kama nina nafasi, aliuliza nitabeba viti vingapi kwa safari moja. Kuna mtu nimembebea mlango. Mlango mzima, na fremu. Alisema vizuri ni kwamba tayari nina mikuki, hautarudi nyuma.

Trafiki naye kanisimamisha pale Pugu. Akazunguka pikipiki mara mbili, leseni hakuitaka, bima hakuitaka, alikuwa anatazama maua. "Mzee, hili ni geti la wapi?" Nikamwambia ni keria. Akaita mwenzake aje aone. Wakacheka mpaka nikadhani nimepona, halafu yule mwenzake, ambaye cheko lake lilikwisha mapema, akauliza indiketa ya kushoto iko wapi. Faini ya pikipiki ni 10,000 tangu bajeti ya 2021 ilipoishusha kutoka 30,000, na nilijikuta naishukuru serikali kwa sauti, mbele ya askari, huku nalipishwa.

Jioni ile nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nikakuta ameweka kibao kipya, herufi nyekundu: TUNATENGENEZA KERIA AINA ZOTE. Chini yake vijana watatu wa bodaboda wanasubiri, mmoja ana TVS yenye keria nzima ya kiwandani, anataka aing'oe awekewe ya mikuki. Fundi aliponiona akafurahi, akanivuta pembeni. Anaomba Jumamosi niwe naleta pikipiki niiegeshe pale mbele ya kibao kuanzia asubuhi, wateja waone mfano.

Nikamwambia nitaileta, hakuna shida, ila kwanza anirudishie indiketa yangu. Akapapasa mfuko wa ovaroli, wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Akasema nimwachie elfu tano ya vifaa.