Maji Yalipoingia Kwenye Albamu

Huku kwetu Ukonga maji ya bomba hayana miadi. Hupotea siku nyingi, kisha hurudi usiku wa manane kwa kishindo, watu wamelala. Usiku ule yalirudi hivyo hivyo, boya la simtanki likakwama, tangi likajaa na kumwagika juu ya dari. Kufika alfajiri silingibodi ya chumba cha wageni ilikuwa imetuna tumbo. Ikaachia pande moja, likaanguka juu ya kabati, na maji yote yaliyotuama kule juu yakashukia humo.

Shuka zilianikwa zikakauka. Kilichotutia simanzi ni albamu ya marehemu baba mkwe, iliyokuwa imelala rafu ya juu kabisa kwa sababu ndiyo tuliyoiona salama.

Baba alikuwa fundi wa ndege. Aliajiriwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki akiwa kijana, akafanya kazi Nairobi, kwanza kwenye uwanja wa Eastleigh na baadaye Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 alirudi Dar es Salaam na sanduku la spana na albamu ile. Harusi na watoto wamo kurasa chache za mwisho. Kwingine kote ni ndege, na nyuma ya kila picha aliandika kwa kalamu ya wino jina la ndege, mahali na mwaka.

Tulipoifungua, kurasa zilikuwa zimeshikana donge. Mwanangu Idi alikwishachomeka pasi azikaushe. Bahati nzuri Baba Mdogo alikuwa kwenye simu, akapiga kelele hadi pasi ikazimwa. Picha za zamani zina utando wa jelatini ambao ukilowa hunata. Ukiupasha moto unayeyuka, na ukizibandua kwa nguvu sura ya mmoja inabaki mgongoni kwa mwenzake. Alituagiza tuziloweke tena kwenye maji safi ya baridi, tusubiri ziachane zenyewe. Basi tukaleta beseni la kufulia, tukazitumbukiza.

Ziliachana kweli, moja moja, taratibu. Lakini maji ya beseni yalianza kubadilika rangi. Nikainama kutazama: wino ulikuwa unatoka migongoni mwa picha kama nyuzi nyembamba za samawati, unazunguka, unapotea. Herufi za mkono wa Baba zilikuwa zinaondoka mbele ya macho yetu. Mume wangu alisimama pale na taulo mkononi, hakusema neno. Hadi magharibi picha zote zilikuwa zimetandazwa juu ya kanga sebuleni, uso juu, zimepona. Migongo ilikuwa mitupu.

Hapo ndipo Jumapili zetu zilipobadilika. Baba Mdogo alisema majina yatarudi, kwa sababu ndege haifichi ukoo wake kwa mtu anayejua kutazama. Akamleta Mzee Komba, jirani aliyezeeka na mapenzi ya ndege. Ukawa mchezo: picha inawekwa mezani, kila mtu anabahatisha, ila hakuna ruhusa ya kutaja jina bila kuonyesha kwa kidole kilichokufanya uliseme. Unaanza na mabawa, unakuja injini, unashuka kiwiliwili, unamalizia mkia. Mzee Komba alitueleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwafundisha raia hivyo hivyo, watambue ndege kwa umbo lake jeusi tu angani, na mwaka 1941 likaanzishwa gazeti maalumu, The Aeroplane Spotter. Kwao kukosea kungeweza kumwangusha rafiki. Sisi tulikuwa na chai na kashata, lakini kwa jinsi wazee wale walivyokunja nyuso usingejua tofauti.

Nyingine hazikusumbua. Super VC10 ina injini nne zilizobanana mkiani. Hata mpita njia angeitaja. Dakota aliitambua binti yangu Zuhura, akasema inakaa chini kama mtu aliyechuchumaa, pua juu. Baba Mdogo alifurahi sana, akaongeza kwamba ni Dakota ya shirika hilo hilo iliyomchukua Elizabeth kutoka Nanyuki hadi Entebbe Februari 1952, siku aliyopata habari kwamba baba yake amefariki na yeye ndiye malkia. Kutoka Entebbe akapanda Argonaut kurudi London.

Argonaut nayo ilikuwemo. Mzee Komba aliapa ni DC-4, na kwa mbali zinafanana kabisa, kwa kuwa Wakanada waliiunda kwa umbo la DC-4. Baba Mdogo akaweka kioo cha kukuzia juu ya injini. DC-4 ina injini pana za mviringo zinazopozwa kwa hewa. Hizi zilikuwa Merlin za Rolls-Royce, zinazopozwa kwa kimiminika, na kila moja ina rejeta yake. Mzee Komba alitazama muda mrefu, akakubali, akampa mkono. Napenda sana namna wanavyoshindana wale wazee: anayeshindwa ndiye anayeandika jina.

Iliyotuponza ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini mbili, imeegeshwa kwenye nyasi. Herufi za ubavuni zilianza na VP-K, alama ya Kenya enzi za ukoloni. Zilizofuata zilikatwa na ukingo wa picha. Wote walisema neno moja: Dragon Rapide. Na kwa nini wasiseme? Rapide ndizo shirika lilizoanza nazo kazi Januari 1946, na zilitengenezwa zaidi ya 700. Ila Zuhura aliuliza kwa nini hii inaonekana nene nene kuliko Rapide ya ukurasa mwingine. Ubishi ukawaka. Mmoja akasema ni pembe ya kamera, mwingine ni mwanga. Mume wangu akaziweka mbili sambamba, Idi akapanda kiti awamulikie kwa tochi ya simu, kwa maana umeme nao ulikuwa umekatika.

Shangazi alikuwa jikoni na pilau. Yeye ni fundi cherehani tangu usichana wake, hajapata kupanda ndege. Kelele zilipozidi alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akaomba apishwe aone. Akainama juu ya meza, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa bawa la picha ya kwanza, kisha la pili.

“Hizi hazikukatwa na fundi mmoja,” alisema. “Hii wameipunguza kuelekea ncha. Hii upana wake ni ule ule, wameizungusha mwishoni tu.”

Sebule ilinyamaza. Baba Mdogo alichukua kioo, akatazama, akakaa. Bawa la Rapide huchongoka likielekea ncha. Bawa lenye upana sawa ni la ndege iliyoitangulia, de Havilland Dragon, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1932, kama mwaka mmoja na nusu kabla ya Rapide. Na Dragon yenye VP-K ubavuni ilituelekeza kwa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na bibi mmoja, Florence Kerr Wilson, ikafifia vita vilipoanza. Wakati huo Baba alikuwa mtoto mdogo kijijini. Asingeweza kuipiga picha ile.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka. Baba alikuwa akimtaja mzee aliyemfundisha kushika spana, aliyekuwepo Nairobi kabla ya shirika kuzaliwa, na aliyempa vitu vyake alipostaafu. Miaka yote tuliiona albamu ile kuwa ya mtu mmoja. Kumbe ukurasa wake wa kwanza ni wa mwalimu wake.

Harufu ndiyo iliyotuamsha. Pilau ilikuwa imeshika chini, jikoni moshi mtupu. Tuliokoa ya juu, tukagombania ukoko, na hakuna aliyemlaumu Shangazi hata kwa jicho.

Sasa majina yanarudi, na safari hii kwa penseli, maana penseli haiogopi maji. Albamu imehamia kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, na boya la simtanki ni jipya. Imebaki picha moja inayoonyesha mkia peke yake, wenye mapezi mawili yaliyosimama. Baba Mdogo anasema Lodestar, Mzee Komba anasema Beech 18, na Zuhura ana mashaka na wote wawili. Shangazi amekwishatangaza kwamba Jumapili ijayo atakaa mezani tangu mwanzo, na sufuria ataiangalia Idi.