Nasaha kwa Waliohamwa

Muadhamu Mshauri,

Mimi ni mtu mzima, mkaazi wa Columbus, Ohio, na ujana wangu wote nilikesha na David Letterman, mtangazaji wa mizaha ya usiku, alipokuwa katika televisheni ya NBC. Mwaka 1993 akahamia CBS. Nikamfuata kwa utiifu, nikamtazama hata alipostaafu, lakini roho haikutulia. Kila nilipomwona katika suti zile za vifungo vya safu mbili nilihisi namtazama shemeji aliyepata cheo. Je, haya ni maradhi?

Mkesha wa Zamani

Ndugu yangu Mkesha,

Kinyongo kilichopita miaka thelathini hakitibiwi, huheshimiwa. Hata hivyo, kwa kuwa umeniuliza kwa adabu, nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuyapime masafa. Mtu wako hakuvuka bahari: alitoka Rockefeller Center akaenda ukumbi wa Ed Sullivan, ulioko Broadway, umbali ambao mzee mwenye bakora angeutembea bila ya kupumzika, na saa yake ikarudi nyuma kiasi cha saa moja, kutoka saa sita na nusu ya usiku hadi saa tano na dakika thelathini na tano. Wala hakuondoka kwa uchu. Johnny Carson, aliyekalia kiti cha The Tonight Show tangu mwaka 1962, alipoaga tarehe 22 Mei 1992, Letterman, ambaye tangu mwaka 1982 alikuwa akimfuatia kila usiku kwa subira, alitaraji kwamba mirathi ile itamwangukia yeye, na waheshimiwa wa NBC, kwa hekima wanayoijua wenyewe, wakampa Jay Leno. Mrithi aliyenyimwa mirathi haitwi mtoro.

Yaliyofuata yangekufurahisha laiti hungalikuwa umenuna. NBC ilidai kwamba mizaha ya kipindi cha Letterman ni milki yake, na watu wazima waliosomea sheria wakaketi kitako kujadiliana ni nani mwenye dhihaka. Kikongwe wa kipindi kile aliyekuwa akiitwa Larry "Bud" Melman akalazimika kurejea jina alilopewa na wazazi wake, Calvert DeForest. Bendi ya kipindi, ile ya Paul Shaffer, ikabatizwa upya. Na usiku wa kwanza wa CBS, tarehe 30 Agosti 1993, akatokea jukwaani Tom Brokaw, msomaji wa habari wa NBC, akachukua mizaha miwili kwa madai kwamba ni mali ya shirika lake, kisha akaondoka nayo. Nimewahi kuona watu wakigombea mashamba, minazi, hata makaburi. Mzaha uliokwisha kutamkwa sijapata kuona ukidaiwa kwa taadhima kama ile.

Sasa nije kwenye donda lenyewe. Saa sita na nusu ya usiku macho yaliyo wazi ni ya wanafunzi, walinzi, wauguzi wa zamu na wale ambao usingizi umewakimbia bila ya sababu inayosemeka, na kwa kuwa hao hawahesabiwi sana na wafanyabiashara, mtu yule aliachiwa kufanya alilotaka: mwaka 1984 alivaa suti ya Velcro, akajirusha ukutani, akanata huko akining'inia. Wewe, sahibu yangu, uliamini kwamba amenata kwa ajili yako. Alipohamia saa ya waungwana, taifa zima likaja na mito yake, likacheka palepale ulipokuwa ukicheka peke yako, na tangu hapo ukaanza kuzichunguza suti. Ghaidhi yako si juu ya Letterman, wala si juu ya CBS. Ni juu ya umati uliokukalia pembeni bila ya kubisha hodi.

Nami nakuuliza: tarehe 13 Mei 1994 Carson mwenyewe, mwenye kiti cha asili, aliingia katika kipindi kile cha CBS, akaketi nyuma ya meza ya Letterman, akapigiwa makofi yasiyokwisha, akainuka akaenda zake pasipo kutamka hata neno moja, na hakuonekana tena katika televisheni hata alipofariki. Ikiwa yeye alinyamaza, wewe unalalamika kwa wadhifa gani?

Endelea na kinyongo chako, maadamu umekizoea. Usikirithishe watoto.

Mpendwa Mshauri,

Mume wangu ni mfuasi wa Conan O'Brien, mtangazaji mwingine wa usiku. Tangu NBC walipomwondoa mtu huyo katika The Tonight Show mwaka 2010, mume wangu huketi sebuleni kila usiku mpaka saa nane, mlango kaufunga, na nikimwita hujibu kwamba hawezi kumwacha Conan peke yake katika dhiki. Nifanyeje?

Bibi wa Kitanda Kipana

Bibi mheshimiwa,

Majonzi ya mumeo yalikuwa na asili. Conan aliahidiwa The Tonight Show mwaka 2004, akaipata tarehe 1 Juni 2009, na haikutimia miezi minane alikuwa nje, kwa kuwa Leno, aliyewekwa saa nne za usiku, aliwakimbiza watazamaji, vituo vya mikoani vikalia kwamba habari zao hazitazamwi, na ufumbuzi wa wakubwa ukawa kumrudisha Leno na kumsukuma Conan mpaka baada ya saa sita. Alikataa, na ni haki yake. Watu waliandamana kwa ajili yake, na mume kukesha miezi michache kwa huruma si aibu.

Ila jamaa huyo alipata kipindi kingine, katika TBS, Novemba mwaka huohuo, akakiendesha hadi tarehe 24 Juni 2021, alipokifunga kwa hiari yake. Tangu siku hiyo hana kipindi cha kila usiku katika kituo chochote. Vua viatu, bibi, ukausukume ule mlango taratibu.